Mmea Gani?

Sina subira, na sitajifanya ninayo. Kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi ya mapokezi wagonjwa wamenibatiza Bi Foleni, kwa sababu mtu akijaribu kumpita mwenzake namrudisha nyuma hata kama shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Kwa hiyo mnisamehe nikisimulia haya kwa ukali. Nusu ya hasira yenyewe ni yangu juu yangu mwenyewe.

Siku ya kikao cha kusikiliza pingamizi la chama chetu cha kulinda mimea niliomba ruhusa kazini, nikafika kwenye ukumbi wa baraza la mji saa mbili asubuhi, saa nzima kabla ya muda. Mkono wa kulia nilishika bango letu, wa kushoto tawi la mshikaudongo nililoliokota alfajiri kwenye mteremko wa nyuma ya hospitali, limevunjika lenyewe. Nia yangu ilikuwa nibandike bango mlangoni na tawi niliweke mezani, wakubwa wauone mmea wenyewe kabla hawajaamua kuuzika. Nikabandika. Nikarudi nyuma hatua mbili nione kama bango limenyooka, tawi bado liko mkononi, na macho yangu yakatoka kwenye picha yakaja kwenye tawi, yakarudi tena kwenye picha. Jamani, nikahesabu majani.

Ngoja nieleze, maana asiyejua mimea ataona nalia bure. Mshikaudongo ni kichaka cha kwetu, kifupi, maua meupe yenye doa la njano katikati, na siku hizi hauoti popote isipokuwa kwenye mteremko ule. Una ndugu yake wa mbali ulioletwa na wauza maua. Watu wanauita mfensi, kwa sababu wanauzungushia nyumba zao. Maua ni yale yale. Tofauti iko kwenye majani: mshikaudongo huota majani matatu kwenye kila kifundo cha tawi, mfensi mawili. Basi, hakuna lingine. Mfensi ukipata nafasi huufunika mshikaudongo mpaka ufe, na sisi wa chama tumemaliza miaka minane tukizunguka mji kuwaambia watu waung'oe. Na pale mlangoni, juu ya maneno makubwa LINDA MMEA HUU, palikuwa na picha safi, ya rangi, ya mfensi. Majani mawili, mawili, mawili, mpaka nchani.

Mabango yalikuwa mia sita. Wiki tatu nzima yalikaa kwenye kuta za mji, stendi, sokoni, shuleni, hata kwenye mlango wa kliniki yangu, nami nilikuwa nikilipita kila asubuhi nikijivuna. Sikuwahi kuhesabu majani. Hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu, kwa sababu picha ilikuwa imepitishwa na mama.

Mama ndiye aliyeanzisha chama. Alikuwa fundi wa maabara pale hospitali, miaka thelathini akichungulia damu za watu kwenye darubini, na mchana wenzake wakienda kula yeye akipanda mteremko na daftari lake. Zamani hizo chama kilikuwa kinasemea kila kitu. Leo takataka, kesho bei ya maji, keshokutwa diwani fulani. Siku moja tulikuwa kwenye mkutano wa mambo ya maji, tunagombea nani ashike kipaza sauti, matrekta yakaingia kwenye bonde la nyuma ya stendi, na mimea kumi na moja aliyokuwa ameiandika mama daftarini haikuonekana tena. Mama hakulia. Alipita dukani akanunua biro nyekundu, akarudi nyumbani akatangaza sheria.

Sheria ni hii: hakuna neno la chama linalotoka nje kabla halijasomwa kwa sauti kwenye meza yake ya chakula. Mmoja anasoma, na kila sentensi ikiisha mama anauliza, "Mmea gani?" Ukishindwa kumjibu kwa jina la mmea, sentensi inakatwa kwa ile biro, hata kama ni tamu kiasi gani. Wengine walisusa, wakasema bibi huyu kichwa kigumu, wakaondoka. Tukabaki tisa. Lakini watu wa baraza wakaanza kutusikiliza, kwa sababu walijua sisi tukifungua mdomo tuna mmea, na tunajua unaota wapi. Picha nazo zilikuwa na utaratibu wake. Mama anaiangalia, anaweka alama ya vyema kwa nyuma, imepita, hakuna anayeuliza tena.

Nililibandua bango lile kwa kucha, nikakaa nalo kwenye benchi la ukumbini. Hapo ndipo mambo yalianza kunijia, moja baada ya jingine. Chai ambayo siku hizi mama huimimina mpaka ifurike kwenye sahani. Gazeti aliloacha kusoma, eti halina jipya. Ngazi za nyumba anazozishuka huku midomo ikicheza, kumbe anazihesabu. Daftari zake anazonipa nimsomee, eti aone kama nimejifunza. Mtoto wa jicho, na mimi naishi na mama nyumba moja, nakula naye meza moja, sikuona kitu. Nilimkasirikia kwa kunificha. Kisha nikaona haya, maana mtu aliyeshinda miaka thelathini kwenye darubini atamwambia nani kwamba haoni?

Wenzangu wawili wakafika pamoja. Mmoja ni Fundi Saa, mwenyekiti wetu, mzee wa kutengeneza saa za mkononi, maneno yake ni machache na hayatoki bila kupigwa msasa. Wa pili ni Kipaza, mwalimu wa udereva, sauti yake inaweza kusimamisha lori kwenye mteremko. Nikawawekea bango na tawi pembeni yake. Fundi Saa akatoa ile lenzi yake ya kazi, akaibana kwenye jicho, akahesabu, akahesabu tena, akairudisha mfukoni taratibu. Kipaza akauliza kama labda mshikaudongo nao ukiwa mchanga huota majani mawili. Nikamwambia aache kujitia hamnazo.

Tukiwa bado tumeliinamia bango, akaingia bwana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa mtaalamu wa mradi, mtu wa kampuni iliyotaka kuusawazisha mteremko wetu uwe maegesho ya magari ya hospitali. Kwapani alikuwa na bango letu, amelikunja vizuri. Akatusalimia kwa heshima zote. Akasema anatumaini leo sote tutatoka tunacheka, kwa sababu kwenye mpango wake, ukurasa wa tisa, pembezoni mwa maegesho itapandwa miche elfu mbili ya ule ule mmea wa kwenye bango letu. Akaingia ndani. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua alichokisema au hakujua, na sijui lipi baya zaidi.

Maji yalinifika shingoni. Yule bwana alipangiwa kusema baada yetu. Nikitaja mshikaudongo tu, yeye anasimama, anafungua bango mbele ya mji mzima, anasema tunakubaliana nao kabisa, na mmea uliobaki mahali pamoja tu tunapopajua duniani unazikwa kwa idhini yetu wenyewe.

Kipaza ndiye aliyepata njia. Alisema tuna dakika kumi, na dakika kumi zinatosha kusema mengi bila kutaja mmea hata mmoja. Tuseme vumbi la ujenzi litakaloingia wodini. Tuseme kelele kwa wagonjwa. Tuseme mwenye kampuni ni shemeji wa nani, jambo ambalo mji mzima unalijua na hakuna anayelitamka. Yote yalikuwa ya kweli, au karibu na kweli, na yalikuwa na utamu wake, sikatai. Alikuwa anaandika huku anasema, karatasi juu ya goti. Nikamtazama Fundi Saa nikitegemea atakataa. Alikuwa ameinamisha kichwa, akasema neno moja tu, kwamba mama asijue.

Hilo ndilo lililonimaliza. Si vumbi wala kelele. Akilini nilimwona mama amesimama mbele ya watu wale, wengine alishawapima damu tangu watoto, wakinong'ona kwamba bibi wa mimea hajui tena mmea wake. Nikaichukua karatasi ya Kipaza. Tawi nikalisukumiza ndani ya mkoba.

Mama alikuwa ameshaletwa na jirani na kukaa mstari wa mbele, blauzi nyeupe, mikono juu ya magoti. Nilipompita aliniuliza kama bango limebandikwa. Nikamwambia limebanduka. Akasema basi si neno, tawi litatosha. Nikasema ndiyo, mama.

Msimamizi wa kikao alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kwa uzi shingoni, mtu maarufu kwa kuwakatiza wasemaji. Akaeleza mapema kwamba uamuzi atauandika leo leo. Pingamizi likiwa na uzito, mradi utahamishwa. Likiwa halina, matrekta yataingia Jumatatu. Kisha akaniita.

Nilisimama, nikakohoa, nikaanza kusoma. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba ujenzi huu utaleta vumbi jingi litakalowaumiza wagonjwa waliolazwa. Nikavuta pumzi ya kuingia ya pili, na kutoka mstari wa mbele, kwa sauti ile ile ya mezani kwetu, nikasikia, "Mmea gani?"

Watu wakacheka. Walimjua. Hata msimamizi alitabasamu. Mimi nikajikaza, nikasoma ya pili, ya kelele za mitambo, haraka haraka kama mtu anayevuka barabara.

"Mmea gani, mwanangu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikainua macho. Mama alikuwa amenigeuzia uso, lakini haukuelekea kwangu sawasawa. Ulielekea kwenye spika iliyokuwa ukutani, sauti yangu ilikotokea. Hatua tano tu zilitutenganisha, naye hakuniona nilipo. Moyo uliniuma, nakwambia, uliniuma kabisa. Na bado alikuwa ananisubiri nijibu.

Nikaikunja karatasi ya Kipaza. Nikatoa tawi mkobani, likiwa limeshapoteza maua mawili, nikaliweka mezani.

"Mheshimiwa, mmea ni mshikaudongo. Huu hapa. Na picha iliyoko kwenye mabango yetu mjini si ya mshikaudongo, ni ya mfensi. Tumekosea. Hesabuni majani."

Ukumbi ukavuma. Kwa pembe ya jicho nilimwona Kipaza anajifunika uso kwa kofia. Mtaalamu wa mradi alikuwa ameshaanza kulifungua bango lake, akabaki amelishika nusu, hajui alimalizie au alikunje. Msimamizi akavaa miwani. Akalivuta tawi, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akaniuliza ni nani aliyeithibitisha picha ile kabla haijachapwa.

"Mimi," nikasema. Lilitoka lenyewe, hata sikulifikiria.

Kiti kikalia mstari wa mbele. Mama alikuwa anasimama, ameshika mgongo wa kiti cha jirani yake.

"Mheshimiwa, nyuma ya picha ile kuna alama ya biro nyekundu. Alama hiyo ni yangu. Binti yangu anasema uongo kwa sababu ananipenda, lakini leo hatukuja hapa kwa ajili yangu." Akanyoosha mgongo. "Sioni vizuri, miezi saba sasa. Niliona doa la njano. Niliona aibu kuomba mtu anihesabie majani."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Mama hakusubiri kuumbuliwa, alijiumbua mwenyewe, wima, mbele ya watu mia na zaidi. Mimi machozi yalinitoka pale pale mbele ya kipaza sauti na sikuyafuta.

Msimamizi hakusema pole. Alifungua mpango wa mradi, akafunua kurasa mpaka ya tisa, akamgeukia yule bwana nadhifu na kumuuliza, kwa upole wa kutisha, "Na hapa kwako? Mmea gani?"

Bwana akasema ni ule wa kwenye bango lao. Msimamizi akasema, yaani mfensi. Bwana akasema walidhani ndio mshikaudongo wenyewe. Msimamizi akaandika kitu, akaikata sentensi ya yule bwana kwa mstari, nami sikuweza kujizuia kuona kwamba kalamu yake ilikuwa ya bluu tu.

Halafu akatugeukia sisi. Alisema kwenye pingamizi letu tumeandika kuna mishikaudongo arobaini kwenye mteremko ule, na kwa aliyoyasikia asubuhi hii haamini tena karatasi ya mtu yeyote. Kikao kinahamia mteremkoni, sasa hivi. Tutahesabu mbele yake. Akikuta kule ni mfensi mtupu, pingamizi limekufa.

Ni mwendo wa dakika kumi. Unapita geti la hospitali, unapita kamba za mashuka ya wodini, harufu ya dawa ya kufulia inakufuata, kisha ardhi inapanda. Mama alisema atahesabu yeye, kwa vidole. Mtaalamu wa mradi akapinga, akasema kwa heshima zote mtu asiyeona atahakikisha vipi. Msimamizi akamjibu kwamba yeye, mtaalamu, macho anayo mawili na bado ukurasa wa tisa aliuandika mwenyewe. Basi ikawa mimi namshika mama kiwiko na kumwongoza, yeye anainama, vidole vinapanda shinani mpaka kwenye kifundo cha kwanza, anataja. Fundi Saa anafuata na lenzi yake, anahakikisha. Msimamizi anachora kijistari.

"Matatu," mama akasema. Fundi Saa akasema matatu. Kijistari.

"Matatu." Kijistari.

Tukapanda hivyo. Jua lilikuwa limeanza kuchoma na hakuna aliyeongea mengine. Kumi. Kumi na tano. Nilianza kupumua. Mama alikuwa anaujua mteremko ule kuliko anavyoijua nyumba yetu, hatua zake zilikuwa na hesabu yake, jiwe hili, mfereji ule, akawa anafika kwenye kichaka kabla sijamfikisha. Kwenye kumi na tisa Fundi Saa aliomba asimame afute jasho kwenye lenzi. Msimamizi alikuwa anahesabu vijistari vyake. Na hapo, kati ya jiwe kubwa na mfereji, nikauona.

Maua meupe, doa la njano. Majani mawili, mawili, mawili.

Mfensi ulikuwa umepanda kutoka kwenye nyumba za chini ukaingia katikati ya yetu. Tangu mwaka jana mteremko ule ulihesabiwa na mama peke yake, na sasa nilijua alikuwa na macho gani. Arobaini ile ilikuwa arobaini yake. Kama huu mmoja ni mfensi, mbele kuna mingapi? Ungeniona, mimi niliyelia ukumbini kwa sababu ya ukweli, saa moja haijapita. Sikuwaza hata kidogo. Nikambana mama kiwiko, nikampitisha, nikamfikisha kwenye kichaka kilichofuata.

Akainama. "Matatu," akasema. Kisha hakunyanyuka.

"Tumeruka mmoja."

"Hatujaruka, mama."

"Kati ya jiwe na mfereji kuna mmoja. Hatua nane."

 Mama akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, si kwa nguvu, aliutoa tu. Akageuka, akatanguliza mguu kuutafuta mfereji, akarudi peke yake, mkono mmoja mbele. Kipaza alitaka kwenda kumshika, Fundi Saa akamzuia. Mama akapiga magoti. Vidole vikapanda shinani. Nilimwona anahesabu kifundo cha kwanza, akaenda cha pili, akaenda cha tatu, na mabega yake yakashuka.

"Mawili," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamba za mashuka.

Msimamizi hakuchora kijistari.

Tuliendelea mpaka juu kabisa, na sikumbana tena kiwiko. Kwa jumla, mawili tuliyasikia mara sita. Kila mara ilikuwa ni mama anayesema, kabla ya Fundi Saa, na kila mara nilimwona bwana wa mradi anaandika. Juu kabisa, penye uzio, msimamizi akahesabu vijistari vyake, akavihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo.

"Mliandika arobaini. Hapa ipo thelathini na nne."

"Ni kweli, mheshimiwa," mama akasema. Alikuwa anahema. "Sita si yetu. Niliihesabu vibaya."

 Bwana wa mradi alifungua mdomo, na msimamizi akamnyooshea kidole bila kumtazama. Alikuwa anaangalia vidole vya mama, vilivyokuwa vya kijani mpaka kwenye kucha.

Alisema ripoti ya mradi imeandika kwamba mteremko huu una nyasi na magugu, basi, na walioiandika wote wana macho mazima. Huyu mama asiyeona amemwonyesha mishikaudongo thelathini na nne, na amemnyima sita ambayo angeweza kumpa. Kwa hiyo hesabu atakayoiamini ni ya mama. Maegesho yatakwenda upande wa chini, kwenye uwanja wa zamani wa kuchomea taka. Mteremko hauguswi. Ukurasa wa tisa unatoka. Hapakuwa na meza, akaliomba bango lililokuwa kwapani mwa yule bwana, akaliweka gotini, akausainia uamuzi juu yake.

Kipaza alishangilia peke yake mpaka wauguzi wakachungulia madirishani. Fundi Saa alimpa mama mkono, akaushikilia muda mrefu, akasema wiki ijayo atampeleka kwa daktari wa macho na hataki kusikia habari nyingine. Mama akasema sawa. Watu wakaanza kushuka. Nilipaswa kufurahi, na sikuweza, kwa sababu tangu autoe mkono wake mama hakuwa amenisemesha.

Tulipobaki wawili tulishuka mpaka kwenye lile jiwe kubwa, akakaa juu yake. Akawa anasugua vidole, utomvu unatoka vipande vipande.

"Huu wa kwenye mfereji," akasema, "uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Ukanipitisha."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na ningetamani angekuwa nayo, hasira ninaijua mimi.

"Basi kwenye nyumba yetu asiyeona si mimi peke yangu."

  Nikavua viatu, nikapiga magoti penye mfereji, nikaushika mfensi ule shinani. Kisha nikauacha. Nikauchukua mkono wa mama nikauweka kwenye kifundo cha kwanza.

"Mawili," akasema.

Nikaung'oa. Tukaenda kwenye wa pili.